Aliyepigwa na askari asirudishwe kwa askari kuomba PF3

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Kimara. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya katika zahanati ya chuo kimoja cha elimu ya juu hapa Dar es Salaam. Chuo chenyewe sitakitaja, wala kituo cha polisi, wala hospitali nitakayoigusa humu, kwa sababu wenzangu wengine bado wako kazini na vijana niliowahudumia sasa ni watu wazima, wana ajira na familia. Ninalotaka kulisema linasimama bila majina: aliyepigwa na askari asilazimishwe kurudi polisi kuomba PF3, ile fomu ya polisi ambayo hospitali humdai majeruhi.

Juzi ndani ya mwendokasi, tukitoka Ubungo kwenda Magomeni, mzee mmoja wa rika langu alikuwa akitazama kwenye simu vijana wakikimbizwa na askari wenye ngao na virungu. Akasema kwa sauti iliyosikika gari zima: "Wanyooshwe tu. Tumewapeleka kusoma, wao wanashindana na serikali." Abiria kadhaa wakamuitikia. Nikamwambia, "Kaka, mimi nimewafunga bandeji hao." Akanijibu kwamba hata yeye alichapwa shuleni na hakufa. Naomba nimjibu kwa kirefu, maana mawazo yale si ya mzee yule peke yake. Nayasikia msibani, nayasikia kwenye vikoba, na nimeyasikia hata kwa wazazi wenye watoto vyuoni.

Kwanza hilo la kuchapwa shuleni. Kiboko cha shule, upende usipende, kimewekewa kanuni: mkuu wa shule ndiye mwenye mamlaka, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu pamoja na kosa na jina la mtoto. Usiku nitakaousimulia hapakuwa na mtu wa kuhesabu, na aliyepiga hajulikani jina mpaka leo.

Kabla ya mabomu ya machozi kulikuwa na njaa. Bumu lilikuwa limechelewa. Kwa msomaji asiyelijua, bumu ni fedha ya kujikimu ambayo mwanafunzi anakopeshwa kupitia Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo huo atakuja kuulipa kwa kukatwa mshahara. Kwa mtoto aliyetoka Kakonko au Sikonge, ambaye hapa jijini hana mjomba wala shangazi, bumu ndilo sahani ya wali, ndilo nauli, ndilo hela ya kutoa kopi. Likichelewa, sisi wa zahanati tulikuwa tunajua mapema kuliko ofisi nyingine yoyote. Wanaanza kuja na kizunguzungu. Wanakuja na tumbo la kuunguza. Ukimuuliza binti amekula nini, anakwambia amepiga pasi ndefu, yaani ameruka kifungua kinywa na mchana ili ale mara moja jioni. Dawa ya hilo haikuwepo kwenye kabati langu. Nilikuwa nawakorogea ORS, na wengine nikawagawia chapati nilizojibebea nyumbani.

Wakakusanyika mbele ya jengo la utawala asubuhi. Waliimba, walipiga makofi, walitaka mkuu wa chuo atoke awaambie fedha iko wapi na itafika lini. Nilipita pale nikienda kufungua zahanati, na kwa kweli sikuona fujo, niliona watu wenye njaa na hasira. Hakutoka mtu. Alitoka mshauri wa wanafunzi peke yake, akasimama kwenye ngazi, akazungumza bila kipaza sauti na waliokuwa nyuma hawakumsikia. Mchana likaja karandinga, likafuatiwa na lile gari la maji ya kuwasha.

Sitaficha kwamba mawe yalirushwa. Sijui nani alianza na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba mtu wa kwanza kushonwa siku ile alikuwa askari. Aliletwa na mwenzake, jiwe limempasua juu ya jicho la kushoto, damu imejaa kwenye kola. Kijana mdogo, nadhani hakuwa amefikisha miaka 25. Alivua kofia yake ngumu akaipakata mapajani, na mikono ilikuwa inatetemeka. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa kuwa upepo wa baharini ulikuwa umegeuka na kuwarudishia moshi wao wenyewe. Nikamuosha macho kwa maji mengi, nikamchoma sindano ya ganzi, nikamshona. Aliniita mama, nami nikamwita mwanangu, kama ningemwita mgonjwa yeyote wa umri wake. Nilipomaliza nikamuuliza, "Sasa mwanangu, mtawaacha hawa watoto waende zao?" Akasema, "Mama, tumeambiwa tusafishe mabweni."

Neno hilo sijalisahau. Mtu aliyekaa ofisini ndiye aliyeamua kwamba wanafunzi wafuatwe mpaka ndani, na kijana yule alikuwa amepewa amri tu. Ndiyo maana siandiki barua hii dhidi ya askari mmoja mmoja. Wengi wao ni watoto wa nyumba zilezile walikotoka wanafunzi, na nina hakika wapo ambao ndugu zao wako vyuoni.

Hapo ndipo pana jambo ambalo mzee wa mwendokasi hakulifikiria. Mwananchi wa Manzese akiambiwa atawanyike, anaenda kwake, anafunga mlango, mambo yamekwisha. Mwanafunzi akiambiwa atawanyike aende wapi? Kwake ni bwenini. Wale walitii amri. Walikimbia kutoka utawala, wakaingia kwenye vyumba vyao, wakafunga. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza mkusanyiko usio halali ni upi, na inataka litolewe tangazo, watu waamriwe kutawanyika, na upite muda wa kutosha kabla nguvu haijatumika. Watu wakishatawanyika, nguvu inaendelea kutumika kwa ajili gani? Binti aliyeketi kitandani mwake chumba namba fulani, na wenzake watatu na mwingine mmoja anayebebwa kwa kukosa nafasi, hayuko kwenye mkusanyiko wowote.

Mlango wa bweni lile la wasichana ni mmoja. Madirisha yote yana nondo, tuliziweka sisi wenyewe chuo kwa sababu ya wezi. Bomu la machozi likarushwa kwenye korido ya chini.

Niruhusu nieleze moshi ule unavyofanya kazi, kwa sababu nimegundua hata watu wasomi hawaelewi. Yale si mambo ya kutoa machozi tu kama jina linavyosema. Unabana koo, unabana kifua, mtu anahisi hawezi kuvuta pumzi, na akihisi hivyo anaanza kuhangaika na kuvuta zaidi. Uwanjani mtu hukimbia akatoka kwenye moshi, na upepo husaidia. Ndani ya jengo hakuna upepo. Tena moshi wenyewe ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unashuka na kulala sakafuni. Wale mabinti walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye hofu angefanya: waliingia chini ya vitanda. Walijificha mahali ambapo moshi ulikuwa mwingi kuliko popote. Tuliowatoa chini ya vitanda ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Mmoja alikuwa na pumu, pampu yake imebaki kwenye mkoba darasani. Alipofikishwa kwangu alikuwa anatoa mluzi kifuani, kucha zimeanza kubadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi. Zahanati yetu ilikuwa na mashine moja ya kuvutisha dawa. Nilimshika mgongo akiwa amekaa, nikamwambia apumue na mimi, taratibu, mpaka dawa ikaanza kushika. Alikuwa anasoma ualimu. Kosa lake lilikuwa lipi?

Wengine waliona afadhali kuruka. Ghorofa ya kwanza ina baraza ndogo ya kuanikia nguo, na mtu akiruka kutoka pale akatua kwa miguu, kinachopasuka ni kisigino. Nilipokea visigino viwili vya namna hiyo usiku ule, na mwenye kimoja mpaka leo anachechemea; nilikutana naye Kariakoo, akanisalimia kwa heshima zote na sikuweza kuzuia macho yangu kushuka kwenye mguu.

Kuhusu vipigo, nitazungumza kama muuguzi. Mwili wa mtu aliyepigwa unaeleza alikuwa amekaaje alipopigwa. Ukikuta mtu amevunjika mfupa wa kigasha, ule wa upande wa kidole kidogo, basi aliinua mkono kukinga kichwa na rungu likatua pale. Mtu aliyekuwa anashambulia hapati jeraha hilo kwa urahisi. Ukikuta michirizi migongoni, makalioni na nyuma ya mapaja, aliyepigwa alikuwa amelala kifudifudi au alikuwa anakimbia. Ukikuta nyayo zimevimba, alishikwa akapigwa makusudi, kwa sababu hakuna anayepigwa nyayo kwa bahati mbaya. Majeraha niliyoyasafisha usiku ule, nikiacha ya wale walioruka na waliovuta moshi, karibu yote yalikuwa kwenye vigasha na upande wa nyuma. Miongoni mwao sikuona hata mmoja aliyeumia kifuani au usoni, kama mtu aliyesimama akipambana ana kwa ana. Wavulana walikuwa wametolewa vyumbani, wakarushwa kichura uani huku wakipigwa. Magoti yao yalikuwa yamechubuka kwa changarawe, na nilikuwa natoa vijiwe kimoja kimoja kwa koleo.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Haikusema isipokuwa mwanafunzi. Wala haikumpa askari kazi ya kuadhibu. Hata kama kijana yule alirusha jiwe, kazi ya askari ni kumkamata na kumfikisha mahakamani, na hakimu ndiye wa kusema adhabu. Kichura na kipigo cha nyayo havimo katika adhabu za sheria yoyote ya nchi hii ninayoijua.

Sasa nafika kwenye kiini cha barua yangu, nacho ni karatasi inayoitwa PF3.

Watanzania wengi wanaijua. Ukipigwa, ukichomwa kisu, ukigongwa na bodaboda, unapitia kituo cha polisi, unaandikiwa fomu, unakwenda nayo hospitali, daktari anajaza: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limesababishwa na kitu butu au chenye ncha kali, ni dhara la kawaida au dhara kubwa. Anaweka sahihi na mhuri. Fomu inarudi polisi na ndiyo itakayosomwa mahakamani kama kielelezo. Mgonjwa wa dharura tunamhudumia kwanza, hayo ndiyo maadili ya kazi yetu, lakini ukitaka jeraha lako liwe ushahidi, unaipitia fomu ile. Kwa ugomvi wa jirani na jirani, utaratibu huu unaeleweka.

Lakini fikiria kijana aliyevunjwa kigasha na askari jioni. Kesho yake asubuhi nimempa rufaa kwenda hospitali kubwa apigwe picha na kufungwa plasta. Mapokezi wanamuuliza, umefanyaje? Anasema, nimepigwa. Wanamwambia, lete PF3. Anarudi kwa nani? Anarudi kwa walewale. Mmoja wa wale vijana alikwenda, mkono ameufunga kwa kanga ya dada yake. Kaunta wakamuuliza ameumia wapi. Akasema, chuoni. Wakamuuliza, kwa hiyo na wewe ulikuwepo kwenye vurugu? Akawekwa mahabusu. Alitoka jioni kwa dhamana ya mjomba wa mwenzake, mkono bado haujafungwa, na PF3 hana.

Habari hiyo ilifika bwenini kabla yake. Kuanzia hapo hakuna aliyekwenda tena. Walijifungia vyumbani wakachuana kwa dawa za kuchua na maji ya chumvi. Binti mmoja alikuja kwangu siku kadhaa baadaye, mkono umevimba mpaka bangili imezama kwenye nyama, na vidole vimekuwa vya baridi. Bangili tuliikata. Nilimuuliza kwa nini amekaa muda wote ule. Akaniambia, "Mama, wataniuliza PF3." Hakuwa anaogopa sindano, wala kisu, wala gharama. Alikuwa anaogopa karatasi.

Kuna jambo jingine la ndani ya zahanati ambalo naona nilitoe. Kila mgonjwa wa nje anaandikwa kwenye kitabu cha MTUHA: tarehe, jina, umri, anakotoka, tatizo, matibabu. Asubuhi ya pili tuliambiwa na mkubwa mmoja kwamba kwenye safu ya tatizo tuandike "kuanguka." Eti chuo hakitaki kuonekana vibaya. Mimi na mwenzangu tuliandika tulichokiona: kupigwa na kitu butu, kuvuta moshi wa machozi, kuruka kutoka ghorofani. Kitabu kile ni cha serikali, takwimu zake zinapanda hadi wilayani na wizarani. Ukiandika uongo pale, hujawadanganya wazazi tu, umeidanganya nchi kuhusu kinachowaumiza vijana wake.

Kwa nini nasisitiza maandishi? Kwa sababu nimefuatilia, kama wasomaji wengine wa gazeti hili, yale mashauri machache yaliyofika mbele ya umma, na naona tofauti ni ushahidi. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa na bomu katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Picha za wapiga picha wenzake zilionyesha askari walivyomzunguka. Picha zile zilichapishwa, nchi nzima ikaziona, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikamhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Watu wanaweza kubishana kama adhabu ilitosha na kama waliohusika wote walifikiwa. Lakini kesi ilikuwepo, na hukumu ilikuwepo.

Halafu Februari 16, 2018, hapa hapa Dar es Salaam, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alipigwa risasi akiwa abiria ndani ya daladala huko Mkwajuni, Kinondoni. Polisi walikuwa wakitawanya wafuasi wa Chadema, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa ubunge. Yeye hakuwa katika maandamano. Alikuwa na miaka 22, na safari yake ilihusu mafunzo yake kwa vitendo. Viongozi wa chama kile walishtakiwa kwa maandamano yale. Kwa risasi iliyomuua binti yule, hakuna askari aliyetiwa hatiani. Wazazi wake walimzika Rombo. Mimi ni mzazi, na kila nikipita Mkwajuni kwa daladala huwa nakaa mbali na dirisha. Sijui kama inasaidia, lakini ndivyo ninavyofanya.

Mzee alisema wanafunzi wa siku hizi wanashindana na serikali. Si wa siku hizi tu. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu wakipinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alikasirika kupita kiasi, akawafukuza karibu mia nne, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Mimi siungi mkono madai yao ya wakati ule, nadhani walikosea. Lakini walifika, rais mwenyewe akawasikiliza ana kwa ana, akawajibu, akawapa adhabu inayojulikana, kwa majina yao, na wengi wakarudishwa masomoni baadaye. Machi 1978 wakaandamana tena wakipinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, na safari ile walizuiwa na polisi kwa nguvu na mabomu ya machozi, kisha wakafukuzwa kwa mamia. Kila mtu apime mwenyewe ni njia ipi kati ya hizo inamfaa mkuu wa nchi, au mkuu wa chuo, anayedaiwa majibu. Na wakuu wa vyuo nina neno nao: siku ile ya bumu, taarifa ya dakika kumi ya kusema fedha iko Hazina au iko benki, na itafika tarehe fulani, ingetosha. Fedha yenyewe iliingia wiki iliyofuata. Hata aliyefungwa plasta mkononi alitia sahihi kwa mkono mwingine.

Nisieleweke kwamba nataka polisi wasikanyage chuoni. Chuo kina wizi, kina ubakaji, kina wauza dawa za kulevya wanaozunguka mabwenini, na mara nyingi ni polisi waliotusaidia. Ninachodai ni kwamba nguvu iwe na mipaka inayojulikana mapema. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinasema nguvu itumike pale tu njia nyingine zimeshindikana, iwe kwa kiasi kinacholingana na uzito wa kosa, na majeruhi apatiwe msaada wa tiba mapema iwezekanavyo. Zinasema pia kwamba kutii amri iliyo wazi kuwa haramu si utetezi, na kwamba aliyetoa amri naye anabeba dhamana. Kwa hiyo bomu la machozi lisirushwe ndani ya jengo watu wanamolala, hata siku moja. Askari asiingie bwenini bila ombi la maandishi la uongozi wa chuo, lenye sahihi ya mtu anayeweza kuulizwa baadaye. Na namba ya askari ionekane juu ya vazi la kutuliza ghasia, kwa sababu wale waliokuja kwetu walikuwa na makoti mazito juu ya sare, na hakuna mwanafunzi aliyeweza kusema ni nani aliyempiga.

Kuhusu PF3, ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Pale mgonjwa anaposema aliyemuumiza ni askari, hospitali iruhusiwe kufungua na kujaza fomu yake yenyewe, yenye uzito uleule mahakamani, bila kumrudisha kituoni. Nakala moja abaki nayo mgonjwa. Nakala nyingine iende Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ipo kwa mujibu wa Ibara ya 129 ya Katiba na ina mamlaka ya kuchunguza malalamiko ya namna hii. Uchunguzi wenyewe usifanywe na wenzake wa kituo kilekile. Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023 na ikataka mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi. Mageuzi makubwa yana gharama na yanahitaji muda, hilo nalielewa. Fomu ni karatasi. Waziri wa Mambo ya Ndani na Waziri wa Afya wakikaa meza moja, wanaweza kulimaliza.

Wakati tunasubiri, nina maneno kwa wanafunzi na wazazi wao, nayasema kama ningekuwa bado nimekaa pale dirishani. Ukivuta moshi, toka nje mahali penye hewa, usifikiche macho, jioshe kwa maji mengi safi, na vua nguo zilizolowa moshi. Usijifiche chini ya kitanda. Mwenye pumu atembee na pampu mfukoni, si kwenye mkoba. Ukipigwa mkono ukavimba na vidole vikawa vya baridi au ganzi, nenda hospitali saa hiyohiyo, PF3 au hakuna PF3. Ukikataliwa, omba jina la aliyekukataa na umtafute mganga mfawidhi. Vua pete na bangili kabla uvimbe haujazidi. Mwombe mwenzako akupige picha za majeraha siku ileile, moja kwa mbali uonekane uso, nyingine kwa karibu, kisha azirudie siku ya tatu, kwa kuwa michubuko mingine huonekana vizuri baadaye. Usifue shati lenye damu. Kabla hujaondoka zahanati, soma kilichoandikwa kwenye kadi yako, na kama wameandika umeanguka wakati umepigwa, waambie warekebishe mbele yako.

Wauguzi wenzangu mlio zamu kwenye zahanati za vyuo, hilo la mwisho linawahusu ninyi. Andikeni mlichokiona.

Muuguzi mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam